Kundi linalopanda Nkungwe lipewe siku tatu mlimani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wale wanaoandaa safari za makundi kwenda kupanda mlima Nkungwe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Kiangazi kikikaribia, matangazo huanza kuzunguka kwenye simu: wafanyakazi wa ofisi moja, wanakwaya, wahitimu wa chuo, klabu za mazoezi. Tunafurahi kuyaona. Mlima uko mkoani kwetu, na wengi wa Kigoma wameishia kuutazama kwa mbali wakiwa ndani ya boti. Kinachotutia wasiwasi ni ratiba iliyomo katika mengi ya matangazo hayo: siku mbili mlimani, usiku mmoja, kileleni na kurudi. Kwa mtu mmoja mwepesi aliyezoea milima, akiwa na askari wa hifadhi mwenye miguu kama yake, ratiba hiyo inawezekana. Kwa kundi la watu kumi na zaidi, wengi wao wakipanda kwa mara ya kwanza, haifai, na tunaomba iachwe.

Sababu ya kukata usiku inajulikana. Kila usiku unaoongezeka unaongeza ada ya hifadhi, posho ya askari, ujira wa wapagazi na chakula. Muandaaji anataka bei inayovutia, anakata usiku mmoja, na tangazo lake linaonekana nafuu kuliko la mwenzake. Wanaolipa hawajui walichopunguziwa mpaka wako kwenye mteremko jioni, magoti yanatetemeka na tochi ziko chini kabisa ya mabegi.

Tuanze na urefu wenyewe. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462. Anayeanzia ufukweni ana karibu mita 1,690 za kupanda, na hakuna gari la kumsogeza hata hatua moja, kwa kuwa ndani ya Mahale hakuna barabara. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,613, iliyotangazwa mwaka 1985, hutembelewa kwa miguu na kwa boti. Kundi la watu wa kawaida wenye mizigo hupanda mita 250 kwa saa, na likienda vizuri sana mita 300. Hapo ni muda wa saa sita hadi saba za kupanda tu, kabla hujahesabu mapumziko, chakula, kuvuka vijito, na askari kusimama mbele kusikiliza kama kuna mnyama njiani.

Ratiba ya siku mbili inasema hivi: siku ya kwanza panda mpaka kambi ya katikati, siku ya pili panda kileleni kisha teremka moja kwa moja hadi ziwani. Chukua kambi iliyo kwenye mita 1,700. Siku ya pili watu wana mita 760 za kupanda, yaani saa tatu au zaidi, halafu mita 1,690 za kuteremka. Kuteremka kunaonekana rahisi kwenye karatasi. Kundi lililochoka huteremka mita 350 kwa saa, na ukiongeza mapumziko unapata saa sita. Jumla ni saa tisa na kuendelea kama hakuna aliyeteguka, hakuna aliyepata malengelenge, na ukungu haukuwafungia kileleni. Halafu angalia sehemu ngumu inaangukia wapi: msitu wa chini, wenye mizizi iliyolowa, mawe ya vijito na majani makavu yanayoteleza kama ganda la ndizi, unafikiwa mwisho wa siku, wakati miguu haina tena nguvu ya kujishika. Wengi wanaoumia mlimani huumia wakishuka, tena saa za mwisho.

Ukigawa kwa siku tatu mambo hubadilika. Siku ya kwanza kundi linapanda mita 900 hivi na kufika kambini mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha kusimamisha mahema na kuteka maji. Siku ya pili linapanda kileleni na mzigo mwepesi, maana mahema na sufuria vimebaki kambini, na linarudi kulala pale pale. Siku ya tatu linateremka asubuhi, watu wamelala na wamekula. Njia ni ile ile na watu ni wale wale. Kilichoongezeka ni usiku mmoja tu, na usiku huo ndio unaonunua usalama wa safari nzima.

Kuna jambo la saa ambalo wageni kutoka Dar es Salaam na Arusha hulisahau. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar. Mwezi Julai jua huku huchomoza kama saa 1 asubuhi na kuzama kama saa 1 jioni, zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar. Anayepanga kuondoka saa 12 kamili kwa mazoea ya kwao atakuta bado ni giza. Sisi tunashauri kundi liamke saa 11 na nusu, linywe uji, na lianze kutembea saa 12 na dakika 40, mwanga wa kwanza unapotosha kuona unapokanyaga. Tena kuna faida nyingine kwa anayeanzia upande wa ziwa: mlima wenyewe unakinga jua la asubuhi. Miale haifiki kwenye miteremko ya magharibi mapema, kwa hiyo saa mbili za kwanza mtu anapanda kivulini, kwenye baridi nzuri. Anayechelewa mpaka saa 3 anapoteza kivuli hicho chote na kukutana na jua kali kwenye miombo, mahali ambapo miti ni michache na mbung'o ni wengi.

Siku ya kileleni iwekwe saa ya kugeuka, itangazwe usiku uliotangulia, na isijadiliwe njiani. Saa 6 mchana inatosha. Ikifika saa 6 na kilele kinaonekana pale mbele, kundi linageuka. Kama muandaaji anaona hawezi kuwaambia watu neno hilo, amwachie askari alitamke yeye.

Sasa maji, ambayo ndiyo hesabu inayoharibika mara nyingi. Miteremko ya magharibi ya Mahale ina vijito vinavyoshuka ziwani, na watu wakiviona chini hudhani wataviona mpaka juu. Kwenye mgongo wa mlima maji hayakai. Kadiri kiangazi kinavyosonga, chemchemi za juu hupungua, na mwezi Septemba mahali palipokuwa na kijito mwezi Juni panaweza kuwa na tope tu. Fanya hesabu ya watu 12, wakiwemo askari na wapagazi. Jioni na asubuhi kambini kila mtu anahitaji lita 2 za kupikia na lita moja na nusu za kunywa. Hiyo ni lita 42. Siku ya kileleni kila mtu abebe lita 2 tena. Hiyo ni lita 24. Jumla ni lita 66, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiamua kupiga kambi juu kabisa kwenye mgongo ili kesho kilele kiwe karibu, umeamua kubebesha watu madumu matatu ya lita 20 na jingine dogo, mbali na mizigo yao. Ndiyo maana kambi ipigwe karibu na kijito cha mwisho chenye maji ya uhakika, hata kama hapo ni chini kuliko mlivyotaka. Askari wa hifadhi ndiye anayejua kijito hicho kiko wapi wiki hiyo. Aulizwe Bilenge, makao makuu ya hifadhi, kabla ya kupanga kambi, si mkiwa njiani.

Maji ya kijito yachujwe kwa kitambaa safi kisha yachemshwe. Chini ya mita 2,000 yachemke kwa dakika moja yakiwa yanatokota kweli, na juu ya hapo dakika tatu, kwa sababu mlimani maji huanza kuchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Anayetumia vidonge vya klorini asubiri nusu saa kamili, na maji yakiwa ya baridi sana au yana tope asubiri saa nzima. Haraka ya kunywa baada ya dakika kumi ndiyo inayoleta tumbo la kuhara siku ya pili, na mtu anayehara mlimani anaishusha safari ya watu wote. Kila kundi libebe pakiti zisizopungua 10 za chumvichumvi za kuongezea maji mwilini.

Jambo hilo la kuchemka linagusa pia chungu. Maharage yanayoiva kwa saa mbili Ujiji yatakula gesi yenu yote kambini na bado yatakuwa magumu. Acheni maharage nyumbani. Chukueni dagaa wakavu wa Kigoma, ambao ni wepesi, hawaozi, na huiva kwa dakika chache, pamoja na karanga zilizokaangwa. Kwa mtu mmoja kwa siku tunahesabu gramu 300 za unga, gramu 200 za mchele, gramu 60 za dagaa, gramu 100 za karanga, gramu 60 za sukari na mililita 40 za mafuta. Mawese yanafaa, ila yafungwe kwenye chupa mbili, moja ndani ya nyingine, maana yakimwagika kwenye begi hayatoki. Hapo umepata chakula cha mtu anayefanya kazi nzito, na uzito wake haufiki gramu 800. Watu 12 kwa siku tatu ni kilo 27 hivi. Migebuka iliyokaushwa kwa moshi ni mitamu lakini harufu yake huita wanyama, kwa hiyo ifungwe vizuri na isilale ndani ya hema.

Kupikia tumieni gesi. Msitegemee kuokota kuni ndani ya hifadhi. Mtungi mdogo wa kilo 3 na jiko lake la juu hutosha kundi la watu 12 kwa siku tatu, likipikwa chakula cha kuiva haraka na sufuria ikifunikwa. Jiko liwekewe kizuizi cha upepo kwa mawe. Nyasi za kiangazi huko juu hushika moto kwa cheche moja, na moto wa nyika unaopanda mlima hukimbia kuliko mtu.

Kuhusu ukubwa wa kundi, watu wengi wanadhani kila anayeongezeka anapunguza gharama bila kudhuru kitu. Njia za Mahale ni za mtu mmoja nyuma ya mwingine. Kila mmoja akisimama mara moja kwa dakika tatu kufunga kamba ya kiatu au kwenda kujisaidia, na wengine wakamsubiri, kundi la watu 12 limepoteza dakika 36, na la watu 20 limepoteza saa nzima. Dawa yake ni kusimama pamoja: dakika 50 za kutembea, dakika 10 za kupumzika, na katika dakika hizo kumi kila mtu amalize haja zake zote. Mbele atangulie askari mwenye silaha, afuate mwongozaji, na nyuma yake tu awekwe yule anayekwenda polepole kuliko wote. Makundi mengi hufanya kinyume: mwenda polepole anaachwa mwisho, wenye nguvu wanamsubiri mbele wakiwa wamekaa, na akifika tu wao wanaondoka. Wao wamepumzika mara kumi, yeye hajapumzika hata mara moja. Huyo ndiye atakayeanguka. Anayefunga msafara awe mtu mwenye uzoefu, mwenye filimbi na sanduku la huduma ya kwanza, na asimpite mtu yeyote kwa sababu yoyote ile.

Kundi dogo mno nalo lina hatari yake. Mtu akivunjika mguu mlimani atabebwa kwa machela ya miti miwili na turubai, na kwenye mteremko machela inahitaji watu wanne wa kubeba na wengine wanne wa kupokezana. Watu watano wakipanda na mmoja akaumia, waliobaki hawatoshi. Kwa hiyo tunaona kati ya watu 9 na 12, wakihesabiwa wote, ndiyo idadi inayofaa. Aliyeumia vibaya atahitaji kufikishwa Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, na kati ya hapo na mlima kuna safari ya zaidi ya kilomita 100 kando ya ziwa. Mtandao wa simu usihesabiwe kuwa msaada. Kinachohesabiwa ni redio ya askari, na kabla ya kuondoka aulizwe betri yake ina chaji kiasi gani.

Mizigo ya wapagazi tungependa izungumzwe waziwazi. Kwenye Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa getini, na kiwango kinachojulikana ni kilo 20. Tunauomba uongozi wa Mahale uweke mzani pale wanapoanzia wapandaji, na mpaka hapo utakapowekwa, muandaaji aende na mzani wa kuning'iniza, ule wanaopimia samaki mwaloni. Mpagazi wa Buhingu au Katumbi asibebeshwe kilo 30 kwa sababu eti ni mwenyeji na amezoea. Ana haki ya hema lisilovuja, blanketi na chakula kile kile wanachokula wageni. Ujira uandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka, kwa siku na kwa mtu, na ulipwe mkononi mwa kila mmoja ufukweni, mbele ya kundi zima. Ukipewa mtu mmoja awagawie wenzake, ugomvi unaanza kabla boti haijawashwa.

Mavazi tuyapitie haraka. Viatu visiwe vipya: viwe vimetembelewa wiki tatu au nne, na kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, la sivyo kidole gumba kitagonga mbele ya kiatu kwa mita 1,690 za kushuka na ukucha utatoka. Ukihisi tu sehemu ya mguu inachoma, simama ubandike plasta hapo hapo, usisubiri lengelenge litokee. Jinzi ikilowa jasho haikauki na inachubua mapaja. Nguo nyeusi na za buluu zinavuta mbung'o, vaeni kaki au kijivu. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Usiku kambini kuna baridi ambayo mtu wa pwani ya ziwa haitarajii: joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ufukweni kukiwa na nyuzi 20 alfajiri, juu ya mgongo wa mlima patakuwa na kama nyuzi 10, na upepo juu yake. Kila mtu awe na sweta, kofia ya sufu na nguo kavu za kulalia zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nguo hizo zisivaliwe mchana hata kama nyingine zote zimelowa.

Upupu unastahili maneno yake. Kiangazi maganda yake yameiva na vinyweleo vinapeperuka ukigusa tu mti unaoukwea. Ukikupata, usisugue na usimwage maji papo hapo. Bandika mkanda wa gundi juu ya ngozi na uubandue mara kadhaa ili utoe vinyweleo, kisha ndiyo uoshe kwa maji mengi na sabuni. Nguo iliyopata upupu ivuliwe na ifungwe kwenye mfuko peke yake. Nyoka wapo, wakiwemo fira na kifutu. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe na ubao kisitikisike, avuliwe pete na saa, abebwe. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe sumu.

Hapa tunafika kwa sokwe, na tunaandika kwa uchungu kwa sababu ndio wanaoweza kupata hasara kubwa kutokana na kundi lisiloandaliwa. Njia nyingi za upande wa ziwa hupita karibu na msitu wa Kasoge, ambako sokwe wa kundi la M wamezoea watu tangu watafiti wa Kijapani walipoanza kuwafuatilia miaka ya 1960. Kuzoea huko ndiko kunakowaponza. Magonjwa yetu ya njia ya hewa yanawapata, na hawana kinga nayo kama sisi. Mwaka 2006 ugonjwa unaofanana na mafua uliwaua baadhi ya sokwe wa kundi hilo. Kwa hiyo mwenye kikohozi, mafua, homa au kuhara asiende, hata kama amelipa kila kitu, na muandaaji aweke kwenye tangazo lake tangu mwanzo kwamba mtu wa namna hiyo atarudishiwa fedha zake au atapewa nafasi safari ijayo. Bila ahadi hiyo watu wataficha kikohozi. Barakoa ziwe mfukoni mwa kila mtu, si kwenye begi la mpagazi. Sokwe wakitokea njiani, kundi linasimama, linavaa barakoa, linarudi nyuma mpaka mita 10, na linanyamaza. Hakuna anayekula wala kunywa mbele yao. Kwenda kuwaangalia ni shughuli nyingine yenye taratibu zake, watu sita kwa wakati mmoja na muda wa saa moja, na isichanganywe na siku ya kupanda mlima. Maganda ya ndizi na machungwa yarudi chini. Choo kichimbwe shimo la sentimita 30, mbali na kijito kwa hatua 80, kifukiwe, na karatasi zirudi na wenyewe kwenye mfuko.

Kuhusu mwezi wa kwenda, tunapendekeza mwishoni mwa Juni na Julai. Mvua huwa zimekwisha, vijito bado vina maji, na upande wa Kongo huonekana ng'ambo ya ziwa. Agosti na Septemba pia ni kavu, ila moshi wa nyika huziba macho na maji ya juu hupungua. Kuanzia Novemba mpaka katikati ya Mei tungemshauri muandaaji aache: ukungu, radi juu ya mgongo ulio wazi, na vijito vinavyopanda ndani ya saa moja.

Mazoezi yaanze wiki sita kabla. Kigoma hatuna upungufu wa vilima. Panda kutoka stesheni hadi Mwanga ukiwa na begi la kilo 8, mara tatu kwa wiki, na wiki za mwisho fanya hivyo siku mbili mfululizo, kwa sababu mlimani kinachosumbua ni kuamka siku ya pili na miguu iliyokakamaa. Zoezi la kushuka lifanywe pia. Asiyeweza kumaliza zoezi hilo aambiwe mapema na kwa heshima abaki Kasiha ufukweni, ambako kuna mabanda ya hifadhi na njia fupi za msituni.

Na Nkungwe ni mlima wa heshima kwa Watongwe, ambao mabonde haya yalikuwa makazi yao kabla ya hifadhi kutangazwa. Mwongozaji au mpagazi Mtongwe akisema mahali fulani watu wasipige kelele au wasikae, afuatwe. Spika za muziki zibaki nyumbani.

Anayetaka kushusha bei ana njia nyingi za kufanya hivyo bila kugusa usiku. Kundi linaweza kwenda kwa gari kwa barabara ya Simbo na Ilagala hadi Buhingu, kisha likachukua boti kwa kipande kifupi kilichobaki, badala ya kukodi boti la kasi kutoka mjini. Mahema yanaweza kuwa ya watu watatu watatu. Unga, dagaa na karanga zinunuliwe sokoni Kigoma kwa pamoja. Ada zilipwe kwa kontro namba moja kwa kundi zima, kila mtu aone risiti. Fulana za rangi moja zenye jina la safari zinaweza kuachwa kabisa. Fedha zake zikikusanywa zinalipa sehemu nzuri ya usiku unaokatwa.

Boti la kurudi liagizwe kwa asubuhi inayofuata siku ya kushuka, si mchana ule ule. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi, na kufika mchana ziwa huwa limeshachafuka. Kundi linalokimbilia boti la saa 9 litashuka mlima kwa pupa na kisha kuingia kwenye mawimbi likiwa limechoka. Boti liondoke alfajiri, kila abiria amevaa jaketi okozi lililofungwa, si lililokaliwa, na mafuta ya akiba yawe theluthi moja zaidi ya yanayohitajika. Orodha ya majina ya kundi zima, namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja, na siku mnayotarajiwa kushuka viachwe kwa maandishi pale Bilenge kabla hamjapanda, na nakala nyingine ibaki Kigoma kwa mtu atakayepiga simu jioni ya siku hiyo.

Ni sisi,
Waongoza safari za miguu,
Ujiji, Kigoma